Deni la Swali Nililolicheka

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Langu limekaa zaidi ya miaka thelathini, na aliyenidai hakuwahi kulidai tena, jambo ambalo ndilo linaloniuma zaidi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule moja ya upili huku pwani, si mbali sana na Malindi. Muhula wa pili ndio kwanza ulikuwa umefunguliwa, nami nilikuwa mbele ya kidato cha tatu nikieleza mwendo wa duara, chaki mkononi na jasho shingoni. Msichana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, aliinua mkono. Akasema kwa Kiswahili: "Mwalimu, babu yangu asema Kilimia kimeshazama na mahindi yangali yanangoja mvua. Kwa nini Kilimia hakichelewi na mvua huchelewa?"

Msomaji mpenzi, nilifanya makosa mawili kwa pumzi moja. Kwanza nilimwamuru aulize kwa Kiingereza, maana ndivyo kanuni ya shule ilivyokuwa. Alijaribu, maneno yakamkwama kooni. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya kutafuta kicheko, kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya babu yake wala haimo katika silabasi. Darasa likaangua kicheko. Msichana akaketi. Muda wote uliobaki hadi alipofanya mtihani wa kidato cha nne, sikuuona tena mkono wake hewani.

Wasioijua Kilimia huenda wakashangaa. Hilo ndilo jina la Kiswahili la kile kishada cha nyota ndogo ndogo ambacho Waarabu hukiita Thuraya. Wazee wetu walilitoa jina hilo katika kitenzi kulima, maana nyota hizo zilikuwa kalenda ya jembe. Kuna methali isemayo kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mtu aliyeitunga alikuwa amekaa barazani jioni nyingi, mwaka baada ya mwaka, akilinganisha mambo mawili na kutafuta uhusiano wake. Sasa niambieni, huo si utafiti ni nini? Ukweli wa kanuni yenyewe ni suala jingine, na hata katika vyuo vikuu zipo kanuni nyingi zilizotungwa kwa juhudi zikaja kuporomoka.

Miaka kadhaa baada ya kisa hicho ndipo nilipoisoma makala ya Erasto Mpemba. Walimu wengi wa fizikia wamelisikia jina hilo, lakini ni wachache walioisoma habari yenyewe kama alivyoieleza mwenyewe, nami nakiri kwamba kabla ya siku hiyo nilikuwa miongoni mwa wale wengi.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, nchini Tanganyika. Vijana wa shule walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayatia katika friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa haba na kila mmoja aliigombea. Siku moja mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, alitia maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba naye, akiona nafasi zinakwisha, aliamua kuyatia yake yakiwa bado ya moto, liwalo na liwe. Saa moja na nusu baadaye walikwenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yamekwisha kuganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alipomuuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Aliyaamini maneno ya mwalimu, kama ambavyo watoto wetu wanavyoyaamini yetu. Lakini baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba wao hutia mchanganyiko ukiwa moto makusudi, kwa kuwa huganda upesi zaidi. Yaani maarifa hayo yalikuwa yakitumiwa sokoni kuchuma riziki, wakati darasani yakikanushwa!

Mpemba alipofika shule ya juu ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena wakati wa somo la kupoa kwa vitu. Mwalimu wa huko alimjibu kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba na si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo, kila alipokosea hesabu, wenzake walimkejeli kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Niliposoma mstari huo niliifunika makala nikatoka nje. Maneno yale yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyasema mimi, karibu miaka thelathini baada ya mwalimu yule, bila kumjua na bila kuwahi kufika Iringa. Inaonekana walimu hatuhitaji kufundishana dharau, kila mmoja huivumbua upya.

Kilichomwokoa Mpemba ni ugeni. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alialikwa Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, ukavitia pamoja katika friji, kwa nini kile cha nyuzi 100 huganda kwanza? Wenzake walicheka, wengine walichukia kuona anawaaibisha mbele ya mgeni. Osborne hakuamini pia, lakini aliahidi kulijaribu jambo lenyewe. Aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaripoti kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Kicheko hiki ndicho ninachowaruhusu wanafunzi wangu: kucheka jinsi akili iliyosoma inavyoweza kuuona ukweli kwa macho yake ikausubiri ujirekebishe.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza. Mpemba wakati huo alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori karibu na Moshi, na kazi hiyo ya wanyama ndiyo aliyoifanya maishani. Ikaja kugunduliwa kwamba Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikuwa wamelitaja jambo hilo hilo karne nyingi kabla, likasahauliwa. Sasa linaitwa athari ya Mpemba.

Je, ni kweli maji ya moto hutangulia? Hapa ndipo mambo yanaponoga. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza iliahidi pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora zaidi, na zaidi ya watu 22,000 wakajitokeza. Mshindi alipatikana, lakini mjadala haukufa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa makini na kutangaza kwamba hawakuona ushahidi wowote wa maana kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi, na kwamba hata kulisogeza kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kuyapotosha matokeo. Ungedhani basi kisa kimekwisha. Kumbe mwaka uliofuata wataalamu wa fizikia ya nadharia, Lu na Raz, walionyesha kwa hesabu kwamba kitu cha moto kinaweza, katika hali fulani, kupata njia ya mkato ya kufikia utulivu ambayo kitu cha vuguvugu hakiioni. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Kanada, wakalithibitisha hilo kwa chembe ndogo mno zilizoelea majini na kusukumwa kwa mwanga wa leza. Leo watu wanaitafuta athari ya Mpemba hata katika ulimwengu wa kwanta, ambako hakuna maziwa wala sukari. Yawezekana kabisa kwamba kuhusu aiskrimu yenyewe Mpemba alidanganywa na friji la shule, na bado swali lake likawa la dhahabu.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu linatuhusu sisi wa darasani moja kwa moja. Lakini utafiti hauishii katika fizikia, na mara nyingi hata mtafiti mwenyewe hajui alitafutalo.

Mfano wa shambani nauona Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kilipo kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Katika miaka ya tisini watafiti wa huko, wakiongozwa na Zeyaur Khan na kushirikiana na wenzao wa Rothamsted nchini Uingereza, walikuwa wakiwasaka viwavi watoboao mabua ya mahindi. Walipanda majani ya napia kuzunguka shamba, nondo wakavutwa huko kutaga mayai, na viwavi wengi walioanguliwa wakafa kwa kunaswa na utomvu wa majani hayo. Katikati ya mistari ya mahindi walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake huwafukuza nondo. Wakauita mtindo huo sukuma-vuta.

Kisha wakaona jambo ambalo hawakulitafuta. Palipokuwa na desmodiamu, striga ilikuwa ikitoweka. Wakulima wa Nyanza wanaliita gugu hilo kayongo, na atakayewaambia kwamba ni ua zuri la zambarau ajitayarishe kukimbia. Kayongo hunyonya mizizi ya mahindi chini ya ardhi, na mbegu zake huweza kulala udongoni miaka mingi zikingoja. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kayongo, na nyingine zinazouzuia mche mchanga usiishike mizizi ya mahindi. Mbegu huamshwa, ikakosa pa kunyonya, ikafa. Waliokwenda kuwinda kiwavi wakarudi na dawa ya gugu, tena pamoja na lishe ya ng'ombe na rutuba ya udongo. Kama watafiti wale wangekuwa na tabia yangu ya siku ile, wangesema kwamba kayongo haimo katika silabasi.

Uchumi nao una kisa chake, nacho ni chungu kwetu walimu. Michael Kremer, Mmarekani aliyewahi kufundisha magharibi mwa Kenya akiwa kijana, alirudi katika miaka ya tisini na wenzake kupima ni nini hasa kinachowasaidia watoto wa shule za msingi. Walichofanya huko Busia ni kuchagua shule kwa bahati nasibu, hizi zipate msaada sasa na zile baadaye, ndipo walinganishe. Katika jaribio moja, shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada mwaka 1996. Kila mtu, nami nikiwemo, angeapa kwamba alama zingepanda. Kwa wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakiongoza tangu hapo. Na sababu mojawapo waliyoitaja ni kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale, na vilikuwa vigumu kwa mwanafunzi wa kawaida kuvisoma.

Lugha ya tatu! Nilimkumbuka msichana wa safu ya nyuma aliyekuwa na swali kamili katika lugha ya pili, nikamlazimisha alipoteze katika ya tatu.

Jaribio jingine, lililoanza mwaka 1998 katika shule 75, lilikuwa la dawa za minyoo. Utoro ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto wa shule jirani ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua. Alama za mtihani, hata hivyo, hazikubadilika. Mwaka 2015 watafiti wengine waliyapitia upya mahesabu hayo, wakaonyesha makosa, wakabishana na wenyewe hadharani. Sioni aibu yoyote katika mabishano hayo, na ningependa kuona ya namna hiyo katika vyumba vyetu vya walimu. Serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha kuanza kutoa dawa mashuleni mwaka 2009, na mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Huyo Duflo, pamoja na Kremer na Jonathan Robinson, ana utafiti mwingine wa Busia ambao babu wa yule msichana angeuelewa bila mkalimani. Waliuliza kwa nini wakulima wanaojua faida ya mbolea hawainunui. Wakagundua kwamba wakati una uzito kuliko bei. Mkulima akipelekewa nafasi ya kununua mara tu baada ya mavuno, akiwa na fedha mkononi, na akapunguziwa gharama ndogo tu ya kuletewa mbolea, hununua karibu sawa na yule anayepunguziwa bei kwa kiasi kikubwa wakati wa kupanda. Mpango huo waliuita SAFI. Kilimo ni kazi ya kubashiri: lini utoe fedha, lini utoe mbegu, lini uiamini mbingu. Anayepanda mapema mno huzipoteza mbegu zake kwa jua, na anayechelewa huyapoteza mavuno.

Na mbingu yenyewe? Nilipokuwa nikifundisha huko pwani, sikuwa mbali na Ngomeni. Wanafunzi wangu waliokuwa na ndugu wavuvi walilijua jukwaa la Waitalia lililosimama baharini, kaskazini mwa Malindi. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, Wamarekani na Waitalia walirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Walichagua mahali karibu na ikweta kwa sababu dunia huzunguka kwa kasi zaidi huko na kuisaidia roketi. Setilaiti hiyo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji.

Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo. Mmoja wao, Cygnus X-1, ulionekana ukimetameta upesi mno kiasi kwamba usingeweza kuwa kitu kikubwa. Wanafalaki wakaielekeza darubini yao huko, wakakuta nyota kubwa inayokizunguka kitu kisichoonekana kila siku 5.6. Miongo mitatu kabla, mwaka 1939, Oppenheimer na Snyder walikuwa wameonyesha kwa hesabu tupu kwamba nyota ikiporomoka ndani ya uzito wake yaweza kujifungia isitoe hata mwanga. Hesabu ya karatasini ikaanza kupata mwili. Stephen Hawking alikuwa ameweka dau mwaka 1974 na Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi, na mwaka 1990 akakubali kwamba ameshindwa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipata Nobel mwaka 2002.

Hayo yote yalianzia kwenye maji ambayo wanafunzi wangu waliyaona wakienda kuogelea. Vitabu nilivyofundishia vilimtaja Galileo. Ngomeni havikuitaja, wala mimi sikuitaja.

Basi nilipe. Kama dada yule anasoma gazeti hili, na sasa ana watoto wa kuuliza maswali yao wenyewe, jibu lake ni hili, kwa lugha aliyoulizia.

Kilimia hakichelewi kwa sababu kuzama kwake hakutegemei chochote isipokuwa safari ya dunia kulizunguka jua. Kila mwaka, karibu tarehe 20 Mei, jua huonekana kupita jirani na nyota hizo, na kwa wiki kadhaa kabla na baada ya hapo mwanga wake huzificha. Babu yako aliposema kwamba kimezama, alikuwa ameisoma nafasi ya dunia katika njia yake, kwa usahihi wa siku chache, bila chombo chochote. Hata hivyo kalenda hiyo huteleza polepole, kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba kama pia inayozunguka: siku moja katika kila miaka 70 hivi. Mkulima wa pwani hii wa miaka 700 iliyopita alikiona Kilimia kikizama kama siku kumi mapema kuliko tunavyokiona sisi.

Mvua ina mabwana wengi. Ukanda wa mvua hulifuata jua likielekea kaskazini na kusini, na kwa hiyo kwa wastani masika huja karibu na wakati ule ule, ndiyo maana methali ilipata kuaminika. Lakini siku yenyewe ya kuanza huamuliwa na pepo na joto la bahari, mambo ambayo hayarudi sawa kila mwaka. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko ya mashariki, vuli hufurika, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2019. Yakiwa kinyume, mvua hutukimbia, na kuanzia mwishoni mwa 2020 sehemu nyingi za kaskazini na mashariki mwa nchi zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Kati ya misimu yetu miwili, vuli ndiyo inayotabirika kwa urahisi zaidi miezi kadhaa kabla. Masika, ile iliyokuwa ikimsumbua babu yako, ni ngumu zaidi, na wataalamu wa hali ya hewa wangali wanaifanyia kazi.

Swali lako lilikuwa la fizikia, tena la kidato cha tatu, nalo lilihusu mwendo wa duara niliokuwa nimeuandika ubaoni.